Daftari la Maneno la Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana walimu wengi wa Kiingereza, nami nikiwamo, humwagiza awe na daftari la maneno, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia.

Niliamini njia hiyo hadi nilipopitia daftari la kijana mmoja mwenye bidii sana. Alikuwa ameandika kwamba "solution" ni ufumbuzi, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye daftari lake la kemia, ambamo "salt solution" ilikuwa imegeuka kuwa "ufumbuzi wa chumvi", ilhali mwalimu alikuwa akizungumzia maji ambayo chumvi imeyeyuka ndani yake. Hakuwa mzembe hata kidogo. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kila neno lina maana moja. Hata Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotolewa mwaka 1996, huzipanga maana kwa namba, lakini mwanafunzi mwenye haraka hunakili ya kwanza na kufunga kitabu.

Kuna pia maneno ambayo Kiswahili chenyewe humponza. Sisi husema "nimeazima kalamu kwa Asha" na pia "naomba uniazime kalamu", kitenzi kilekile kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kinatenganisha: anayepokea hu-"borrow", anayetoa hu-"lend". Mwanafunzi aliyeandika tu "borrow: kuazima" atasema "borrow me your pen" bila kuona kosa, na kumsahihisha mara kumi hakutasaidia mpaka aone sentensi mbili zikiwa pamoja.

Kwa hiyo sasa ninawataka waandike maneno matano tu kwa siku, kila moja ndani ya sentensi iliyosikika darasani, likifuatiwa na jina la somo, na chini yake mistari mitatu iachwe wazi. Wiki iliyopita nililiona tena daftari la yule kijana. Chini ya "table" ameandika meza, kisha jedwali. Chini ya "power" kuna nguvu ya mtawala, umeme unaokatika, na kipeo cha hisabati. Mistari imekwisha, naye amebandika kipande cha karatasi pembeni.