Kabla masika hayajashuka: vumbi, oili na pikipiki ya zamani

Moshi, Jumapili ya mwisho wa Februari

Vumbi bado limelala juu ya migomba ya barabara ya Kibosho, na masika hayajaanza. Wiki hizi mbili tatu ndizo za kuifungua pikipiki iliyotumika, kwa sababu uchafu wa kiangazi ukikutana na maji ya Machi unageuka tope linaloingia mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nawaza hasa zile zenye injini ya muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, muundo ambao pikipiki nyingi za Kichina zimeuiga. Valvu zake, yaani milango ya kuingiza na kutoa hewa, husukumwa na fimbo, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea ndani ya injini. Ni injini ya kurithishana. Watu wanasema imechoka kwa umri, lakini ukiifungua silinda yake unakuta mikwaruzo ya wima, na mikwaruzo hiyo ni ya vumbi. Vumbi la mlima wa volkano ni laini kama unga wa muhogo, ila ni gumu. Likipita kwenye filta ya hewa linakwaruza ringi na silinda, moshi wa bluu unaanza, oili inapungua bila kuvuja popote, na siku moja sehemu za juu za injini zinakauka.

Kwa hiyo anza na filta. Kama ni ya sponji, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni au kwa mafuta ya taa. Petroli iache: inakula gundi na inaweza kukuunguza. Ikamue kwa kuibana kwa viganja, usiisokote, maana itachanika ndani usione. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha imwagie oili safi ya injini, ibanebane mpaka rangi iwe moja kote, na ukamue iliyozidi. Sponji kavu haizuii kitu. Oili ndiyo inayolishika vumbi. Kama ni ya karatasi, igonge taratibu na uipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na ikishakuwa nyeusi nunua nyingine. Paka grisi nyembamba ukingoni inapokaa.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, ukipitishe ndani ya mpira unaounganisha boksi la filta na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kikitoka na vumbi, filta haifungi vizuri au mpira umepasuka, na hapo filta mpya haitakusaidia kitu. Wakati wa vumbi, kagua hivi kila wiki.

Huku kwetu kuna mtego mwingine. Mjini tuko chini ya mita 1,000, na lango la Marangu, la kupandia Kilimanjaro, liko juu ya mita 1,800. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na petroli inazidi kwenye mchanganyiko. Filta ikiwa imeziba, petroli inazidi tena na plagi inajaa masizi. Fundi mwenye haraka anashika skrubu ya kabureta. Mwombe aangalie filta kwanza, kwa sababu kabureta ikishapunguziwa petroli halafu filta ikasafishwa, injini itachemka.

Oili ya injini hii ni takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi. Kwa kazi ya bodaboda na milima, ibadilishe kila kilomita 1,500, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Tafuta 20W-50 au 10W-40 yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake inakaa ndani ya oili. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano; itaanza kuteleza kwenye kilima, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Oili ya zamani imwage injini ikiwa na joto, pikipiki imesimama wima. Bolti ya chini usiikaze kwa hasira: nyuzi zake ziko kwenye aluminiamu, zikikatika gharama yake ni kubwa kuliko oili ya mwaka mzima. Ukipima, kijiti kipumzishe tu kwenye tundu lake bila kukifunga.

Injini hii haina filta ya oili ya karatasi. Kuna kikombe kwenye ncha ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, nyuma ya kifuniko cha upande wa klachi. Kinapozunguka, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda humo kama lami. Mafundi wengi hawakigusi mpaka injini ifunguliwe yote. Kila baada ya kubadili oili mara saba hivi, fungua kifuniko, kwangua kikombe, futa kwa mafuta ya taa, rudisha na gasketi mpya. Kama ningelazimika kuchagua kazi moja ya kumwomba kila mwenye pikipiki ya zamani, ningechagua hii.

Tapeti, yaani skrubu za kurekebisha upenyo mdogo juu ya valvu: asubuhi, injini baridi, pistoni juu kabisa kwenye mwisho wa mgandamizo, upenyo uwe milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Tapeti inayogonga kidogo inakusumbua masikio tu. Iliyokaa kimya kabisa inaweza kuwa imebana, na valvu ya ekzosi isiyofunga vizuri huungua.

Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hivi. Pima huku ukizungusha gurudumu, kwani haichakai sawasawa, na ukaze pale ilipobana zaidi. Ipake oili ya gia namba 90 ikiwa na joto la safari, kisha futa ya nje. Grisi inashika mchanga na kuwa jiwe la kunolea. Cheni ikiisha, ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno inayozunguka.

Breki za ngoma zifunguliwe na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe, maana si la kuvuta. Beringi za usukani na za magurudumu zipate grisi mpya sasa, na pale wanapoosha kwa pampu waambie wasielekeze maji kwenye ekseli. Mvua ikianza, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta mara kwa mara utoe maji.

Ukishuka kutoka Kibosho usizime injini na kuweka fri, yaani bila gia, ili kuokoa petroli. Gia zinaendelea kuzunguka huku pampu ya oili imesimama, na breki pekee zinabeba mzigo wote. Acha gia ya pili au ya tatu ikushikilie.

Oili chafu itie kwenye galoni yenye kifuniko, usiimwage kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Maji hayo yanakwenda kwenye migomba na mboga za jirani wa chini. Kisha andika kwenye daftari tarehe, kilomita na ulichobadilisha. Daftari hilo likae chini ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni.