Suimbeti kubwa kwa besi wakubwa: kina, kasi na mahali pa kuweka mashua

Mvuvi hununua suimbeti (chambo bandia chenye umbo la samaki) ya sentimita 20, huirusha wiki mbili tatu bila kuguswa, kisha huirudisha sandukuni na kusema kwamba besi, samaki wawindaji wenye kinywa kikubwa, wa ziwa lake hawali vitu vikubwa. Mara nyingi samaki hana kosa. Suimbeti imevutwa haraka mno, imepita juu ya kichwa chake kwa mita tatu, na mashua imekaa upande usiofaa. Ukubwa wa chambo ndio jambo jepesi kuliko yote hapa, kwa kuwa unaununua dukani. Kina na kasi hakuna anayekuuzia.

Uvuvi huu ulikulia kusini mwa California, na ukijua kwa nini, nusu ya maswali yanajijibu. Mwaka 1959 besi wadogo wa jamii ya Florida, ambao hukua kuliko wenzao wa kaskazini, walipandikizwa katika mabwawa ya San Diego. Mabwawa ya eneo hilo, pamoja na Castaic na Casitas yaliyo kaskazini zaidi, yalikuwa yakimwagiwa trauti msimu wa baridi kwa ajili ya wavuvi wa kawaida. Trauti ana mafuta, hana miiba migumu mgongoni, na aliyelelewa kwenye matangi hajui kumkwepa adui. Besi walikula wakanenepa. Mwaka 1980 Casitas ilitoa samaki wa zaidi ya kilo 9.5. Mwaka 1991 Bob Crupi alivua wa karibu kilo 10 huko Castaic, pungufu kidogo ya rekodi ya dunia ya ratili 22 na aunsi 4 (kilo 10.1 hivi) ambayo George Perry aliiweka Georgia mwaka 1932. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa mwaka 2009 na Manabu Kurita katika ziwa Biwa, Japani. Samaki wake alikuwa mzito kidogo zaidi, lakini kwa kuwa hakuzidi kwa aunsi 2 zinazotakiwa na kanuni, wawili hao wanahesabiwa kuwa sawa.

Besi wa aina hiyo humeza trauti mzima wa sentimita 25. Ndiyo maana Allan Cole alitengeneza chambo cha mbao kiitwacho AC Plug, na baadaye Ken Huddleston akatoa trauti wa plastiki laini wa inchi 8 mwenye mkia wa umbo la kabari. Huyo wa Huddleston ndiye ninayemshauri mtu aanze naye hata leo. Mkia wake hutikisika kwa mwendo wa polepole sana, mwendo unaozifanya suimbeti nyingi za bei nafuu zilale ubavu au zikae kama kipande cha gogo.

Msimu unafuata trauti. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya California hutangaza ratiba ya upandikizaji, na mvuvi makini huisoma kabla ya kutazama hali ya hewa. Trauti waliomwagwa leo hukaa karibu na mahali lori liliposhusha, wakizunguka kwa makundi karibu na uso wa maji, na wengine huwa dhaifu kwa safari. Baada ya siku chache hutawanyika kufuata kingo na upande unaopigwa na upepo. Maji yakiwa kati ya nyuzi 9 na 15 za Selsiasi, besi jike aliyebeba mayai anataka mlo mmoja mkubwa asioutolea jasho, na hapo suimbeti kubwa haina mpinzani. Maji yakipita nyuzi 20 trauti huanza kuteseka na hushuka kina au hufa, na kuendelea kurusha umbo la trauti mwezi Julai ni kuvua kwa mazoea.

Tuje kwenye vifaa. Fimbo iwe ya mita 2.4 hivi, yenye uwezo wa kurusha aunsi 2 hadi 8, yaani gramu 60 hadi 230. Ncha iwe na ulaini kiasi, sehemu ya chini iwe ngumu. Rili ya ngoma, saizi 300 au 400, yenye gia ya 5:1 au 6:1, yaani ngoma huzunguka mara tano au sita kwa kila mzunguko wa mpini. Ya haraka zaidi itakufanya uvute haraka bila kujua. Mshipi ni nailoni au fluorokaboni inayohimili uzito wa ratili 20 hadi 25. Nailoni huvutika na huzama polepole, kwa hiyo inafaa suimbeti za juu. Fluorokaboni huzama haraka zaidi na inafaa unapotaka kugusa chini. Mshipi wa kusuka wa ratili 65 au 80 ninaupenda kwenye majani mazito tu, kwa kuwa hauvutiki hata kidogo, na kosa dogo la kidole gumba wakati wa kurusha linaweza kuukata papo hapo na suimbeti ikaenda zake.

Urushaji wenyewe ni wa kubembea. Acha suimbeti ining'inie sentimita 60 hadi 90 chini ya ncha, ipeleke nyuma taratibu mpaka uhisi fimbo imebeba uzito, kisha isukume mbele kwa mikono yote miwili kwa mwendo mmoja laini. Ukiirusha kwa kukata kama unavyorusha chambo cha gramu 15, ngoma itazunguka kuliko mshipi unavyotoka, mshipi utajisokota, na gramu 150 zikisimama ghafla hewani hakuna fundo litakalovumilia. Suimbeti laini ya kawaida ni dola 30 hivi, na zile za Kijapani hupita dola 100. Funga fundo upya kila baada ya kunasa kwenye mwamba, na pitisha vidole kwenye mita moja ya mwisho ya mshipi. Ukihisi mkwaruzo, kata.

Suimbeti laini inahitaji kukaguliwa kabla hata ya kufungwa. Itoe kwenye kasha uitazame kutoka juu, kichwa kikikuelekea. Mkia ukiwa umepinda hata kidogo kwa sababu ya kukaa vibaya, itaogelea kwa kuegemea upande mmoja, na besi wakubwa huifuata bila kuuma. Chovya mkia kwenye maji ya moto, siyo yanayochemka, kwa nusu dakika. Unyooshe kwa vidole, kisha uzamishe kwenye maji baridi ukiwa bado umeushika. Ihifadhi kwenye kasha lake la plastiki, siyo ikiwa imerundikana na nyingine, maana plastiki laini huchukua umbo la chochote kilichoilalia, na aina tofauti zikigusana huyeyushana. Ikichanika, kausha kabisa, paka gundi kali kidogo kwenye kingo za mpasuko, bana, iache usiku kucha. Gundi nyingi huacha kovu gumu linaloharibu mtikisiko.

Ndoana ya juu inayokuja nayo pekee haitoshi, kwa sababu besi mara nyingi huuma katikati au mkiani. Ongeza ndoana ya ncha tatu, saizi 1/0 hivi, ya waya mnene. Ifunge kwa kipande kifupi cha mshipi wa kusuka wa ratili 80 au waya kutoka kwenye jicho la ndoana ya juu, kisha chomeka ncha moja tu kwenye nyama ya plastiki, nyuma kidogo ya pezi la mgongoni. Mgongoni ukiwa unaburuta chini. Tumboni ukiwa unaogelesha katikati ya maji. Kipande hicho kiwe na ulegevu wa sentimita moja hivi. Kikikaza sana kitaikunja suimbeti, kikilegea sana kitanasa kwenye mkia. Ncha ichomwe juujuu, ili samaki akiuma ichomoke na kubaki kinywani mwake huku mwili wa suimbeti ukining'inia huru.

Sasa kina. Suimbeti za Huddleston zina namba ya kuzama inayosema itashuka futi ngapi kwa sekunde 10. Namba 5 hushuka kama mita 1.5, namba 12 kama mita 3.6. Kwa hiyo kwenye mita 9 za maji, namba 12 inahitaji sekunde 25 kufika chini. Hesabu. Hesabu kwa sauti ikibidi. Wengi husubiri sekunde 10, huona ni muda mrefu, huanza kuvuta, na suimbeti hupita mita 5 juu ya samaki aliyelala chini. Mshipi ukilegea ghafla, imegusa. Zungusha mpini mara moja kwa kila sekunde mbili au tatu, na usiongeze kitu kingine: usitikise ncha, usisimame na kuanza. Kila baada ya mizunguko kadhaa unapaswa kuhisi mguso wa mwamba au tope. Usipohisi, uko juu mno au una haraka.

Mahali pa mashua ndipo wengi hupotezea siku. Castaic ni bwawa lenye kuta za mteremko mkali, na maji yake hupanda na kushuka. Besi mkubwa hapendi kuhangaika juu na chini ya mteremko huo. Hukaa pale ulimi wa nchi kavu unapoingia majini na kuvunjika kuelekea kilindini, au kwenye mwamba mmoja uliojitenga. Ukiweka mashua kilindini na kurusha kuelekea ufukoni, kila unapovuta suimbeti inaachana na chini, na mita 10 baada ya ukingo haifai tena. Geuza. Weka mashua kwenye maji mafupi, au simama ufukoni kabisa, urushe kilindini, uiache izame, kisha uipandishe mteremko. Hapo inabaki karibu na chini safari nzima, na inapofika kwenye ukingo au ukuta inaonekana kama samaki aliyekosa pa kukimbilia. Besi aliyekuwa akiifuata kwa mita 15 huuma papo hapo. Katika mambo yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo ningependa msomaji alijaribu kwanza, kwa sababu halihitaji kununua kitu.

Suimbeti ya kuteleza, ile ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, ni kazi nyingine. Jointed Claw ya Gan Craft yenye milimita 178 na Slide Swimmer 250 ya Deps ndizo maarufu. Hizi huwaita samaki kutoka mbali kwenye maji maangavu. Nusu mzunguko wa mpini, pumzika, nusu mzunguko, nayo itachora herufi S. Utaona besi wakiifuata, na hapo ndipo mikono hutetemeka na mvuvi husimamisha kila kitu. Kusimama ni vibaya, maana mawindo halisi hayasimami mbele ya adui. Zungusha mara mbili za haraka kisha legeza mshipi, suimbeti igeuke imtazame. Akikataa, usiendelee kumpigia hapohapo. Weka alama ya mahali, ondoka, rudi jua likiwa limeshuka au upepo ukiwa umevuruga uso wa maji, na umrushie kutoka pembe nyingine suimbeti laini inayopita chini.

Pigo la besi mkubwa mara nyingi halina kishindo. Ni uzito tu, kana kwamba umenasa majani. Zungusha mpini mpaka mshipi ukaze, kisha vuta fimbo kwa upande kwa nguvu ya mwili mzima. Breki ya rili iwe imekazwa karibu kabisa. Baada ya hapo ncha ya fimbo ikae chini, hata ndani ya maji, ili asiruke. Akiruka na kutikisa kichwa, gramu 150 za suimbeti zinakuwa wenzo unaong'oa ndoana, na ndiyo sababu ya ule ulegevu na ncha moja iliyochomwa juujuu. Ndoana za waya mwembamba hukunjuka wakati huohuo.

Besi wa zaidi ya kilo 4.5, wale wanaotafutwa California, ni majike, na wengi wao ni wa umri mkubwa. Tumia wavu mpana uliopakwa mpira, mwache majini ndani ya wavu wakati unatafuta koleo na mizani, mpime akiwa ndani ya wavu. Ukimwinua, mkono mmoja kwenye taya na mwingine chini ya tumbo. Kumning'iniza kwa taya peke yake samaki mzito namna hiyo kunaweza kumharibu taya, naye ataachiwa akafe njaa.

Wasomaji wa Kenya wanajua kwamba besi huyuhuyu yuko Naivasha, alikopandikizwa kuanzia mwaka 1929. Msiagize trauti wa plastiki kwa ajili ya huko. Chakula ni kamba wa maji baridi, walioingizwa mwaka 1970, pamoja na perege wadogo, na maji si maangavu kama ya Castaic. Kapu, samaki wageni wanaochimba chini wakitafuta chakula, wamekuwa wakitibua tope tangu walipoonekana mwaka 2001. Sentimita 12 hadi 15 zinatosha, umbo la perege, mkia mpana wenye kutikisa maji ili samaki aihisi kabla ya kuiona. Migunga iliyozama ziwa lilipopanda ni maficho mazuri, na hapo ndoana za ncha tatu zitanasa kila mara. Tumia ndoana moja kubwa iliyofichwa mgongoni, mshipi wa kusuka wa ratili 65, na urushe sambamba na mstari wa miti badala ya kuipiga katikati. Kaa mbali na mafunjo alfajiri na jioni, maana viboko wanapita humo.