Mstari mweusi kwenye bomba

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, walimwandikia morfini ya maji, dawa ya maumivu, anywe kila baada ya saa 4. Maumivu yakapungua, akaanza kulala.

Leo siku ya tatu hajapata choo. Tumbo gumu, uji hautaki. Nikaenda famasi ya hapa mtaani nimeshakata shauri: morfini basi.

Kaka wa pale akaniuliza kitu kimoja tu. "Dada, na ya kulainisha choo anakunywa?"

Iliandikwa. Sisi ndio hatukuinunua, tulidhani si ya lazima.

"Msimwachishe morfini. Morfini hufunga choo, ndiyo maana hizi mbili zinakwenda pamoja. Akianza kutapika, mrudisheni hospitali haraka."

Halafu akauliza nani anampimia. Nikasema baba, na macho yake siku hizi ni ya shida. Akachukua bomba la sindano, bila sindano yake, akachora mstari mweusi mnene kwenye mililita 5.

"Mwambie mzee avute mpaka hapa."

Usiku huu baba kavuta mwenyewe. Akaliinua kwenye taa, akalitazama sana.

Nimelia jikoni.

Mnaouguza nyumbani, nani anawashika mkono mtaani kwenu? Niandikieni.