Semina ya hotelini na ule mdoli mmoja

Mi ni nesi wa wodi ya wazazi huku Isingiro, Uganda, na jana incharji katutumia meseji kuna semina nyingine ya watoto wachanga, siku tatu, hotelini Mbarara. Nitaenda, posho nani anakataa, ila acha niseme yangu kwanza.

Ile niliyoenda mara ya kwanza tulikuwa kama arobaini na mdoli mmoja wa kufanyia mazoezi ya kumpulizia mtoto hewa. Mmoja! Slaidi kibao, chai saa nne, mchana matoke, siku ya mwisho cheti na picha ya pamoja. Nikarudi najua kila kitu, mtoto asipolia una dakika moja tu, unamkausha, unamsugua mgongo, akikataa kupumua unaweka maski unabonyeza ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, mara 40 hivi kwa dakika. Kwenye mtihani nilikosa swali moja.

Miezi mitano baadaye, usiku, akaja mama kwa boda chupa imeshapasuka na mtoto akatoka kimya, mlegevu, wa bluu. Ambu iko kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anao mtu wa zamu ya mchana ambaye keshaenda nyumbani. Tukavunja kabati. Nikaweka maski nikabonyeza na hewa ikawa inatokea pembeni ya shavu, fsss fsss, kifua hakipandi, na bibi yake yuko mlangoni ananiuliza "musawo (daktari), mbona halii?" Mkunga mmoja mzee akanisukuma kwa bega, hakusema kitu, maski yangu ilikuwa namba 1 na katoto kenyewe njiti, akachukua namba 0, ile ndogo, akainua kidevu kidogo tu, kifua kikapanda. Kakalia. Na mi nikatoka nje nikalia.

Sasa niambieni, slaidi gani ingenifundisha mkono ule? Hata hao wa Helping Babies Breathe, mafunzo ya kuwasaidia wachanga kupumua yaliyoanza 2010, wanasisitiza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, sisi tunachukua kitabu chao tunakipeleka hotelini.

Siku hizi tuna mdoli wetu. Kila Jumatatu kabla ya kukabidhiana zamu, dakika kumi, mmoja anashika saa, mwingine anabonyeza, wengine wanacheka. Na kwa watoto wakubwa kidogo pia, kuhesabu pumzi tunafanyia kwa mtoto halisi, dakika nzima, akiwa ametulia, maana kuna watu wanahesabu sekunde 15 mtoto analia alafu wanazidisha kwa nne wanaandika nimonia. Wa miezi miwili mpaka mwaka ni pumzi 50 kwa dakika na kuendelea, aliyetimiza mwaka ni 40, hapo ndo unaanza kushtuka.

Hela ya hoteli siku tatu ingenunua midoli mingapi sijui, labda nitauliza hukohuko Mbarara saa ya chai. Wa kwetu shingo imeanza kuvuja, nimeizungushia plasta, Jumatatu zamu ya kubonyeza ni ya yule dada mpya. Ufunguo wa kabati tumeutundika kwenye msumari.