Feni ya milimita 40 iliyookoa kompyuta ya saiba yangu

"Mkubwa, tupa hiyo bodi, nunua nyingine." Hivyo ndivyo fundi alivyoniambia kuhusu bodi kuu ya kompyuta yangu, na hakuigusa hata kwa kidole. Mimi niligusa. Bati la mapezi linalopoza chipseti, ile chipu ya bodi inayounganisha vifaa vingine, lilikuwa moto, kidole hakikai sekunde mbili. Kompyuta hiyo ndiyo inayochapa kazi za wateja wangu hapa Umoja, Nairobi, na kila alasiri ilikuwa ikiganda, fomu ya mtu iko katikati.

Nikashuka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini, nikapata feni ndogo ya volti 12 kwa mia tatu na kitu. Muuzaji akanishauri niibandike kwa supa gluu. Usithubutu! Nilitia tone kila pembe, ikashika vizuri, nikalala na furaha. Lakini ndani ya kasha bodi imesimama wima, feni inaning'inia ubavuni, na gluu hiyo ikipata joto mfululizo hulegea. Siku ya tatu nikasikia mlio kama nyuki ndani ya debe. Feni ilikuwa imedondokea kadi ya picha, mapanga yanakwaruza waya. Kwenye bati ukabaki ukungu mweupe, nikaukwangua kwa wembe jioni nzima.

Dawa ilikuwa skrubu. Nafasi kati ya mapezi ya bati langu ni finyu kidogo kuliko skrubu ya milimita 3, kwa hiyo ukiizungusha polepole meno yake yanang'ata alumini huku na huku, yanajichongea njia. Mbili zilitosha, pembe mkabala. Pima urefu zisigote chini, na usikaze kama nati za gurudumu. Pezi moja lilinipindia nikalinyoosha kwa koleo. Upande wenye stika uelekee bati, maana hewa hutokea huko.

Halafu kelele. Kwenye plagi ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, waya wa njano una volti 12, mwekundu 5. Nikaunga mwekundu wa feni kwenye wa njano, mweusi wa feni kwenye mwekundu: tofauti ni volti 7 badala ya 12. Raha iliyoje! Feni ikazunguka kwa upole, hata anayesubiri fotokopi haisikii.

Huu ni mwezi wa nne tangu niifunge, inawaka kutwa, na kidole changu kinakaa juu ya bati mpaka nikitoe mwenyewe.