SciPy imeingia kwenye kompyuta kuukuu, na bando limebaki

Kuna ushauri ukiupokea mpaka damu inachemka. Nilitaka kuweka NumPy, SciPy, pandas na Matplotlib, vifurushi vya hesabu na michoro vya lugha ya Python, kwenye kompyuta ya mezani ya Windows 7, Core 2 Duo, RAM gigabaiti 4. Kila niliyemuuliza hapa Tanga alikuwa na jibu moja: mwalimu, nunua nyingine. Kana kwamba mshahara wa mwalimu wanaufahamu wao kuliko mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa maji ya bahari. Wanafunzi wangu walisimamisha mti wenye alama za sentimita kule Raskazone, wakawa wanasoma kimo cha maji kwa zamu mchana kutwa, kuanzia bamvua hadi maji mafu na kurudi tena. Daftari likajaa. Nilitaka kuupata mchoro wa kujaa na kupwa, na hesabu ya namna hiyo ndiyo chakula cha SciPy.

Python yenyewe aliniwekea kijana mmoja wa dukani Ngamiani. Alichagua toleo la 3.8, na hapo nampa haki yake: 3.9 na kuendelea hayakubali Windows 7 kabisa. Basi nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaunganisha hotspoti ya simu, nikaandika pip install numpy (pip ndiyo programu inayopakua na kuweka vifurushi vya Python). Ikaingia bila neno. Nikaandika pip install scipy.

Weee! Ilianza kupakua, ikanyamaza muda mrefu, kisha maandishi mekundu yakamwagika skrini nzima, na katikati yake kuna maneno Unknown compiler. Nikarudi dukani na picha ya skrini. Kijana akatikisa kichwa kama daktari. "Dada, hapo unahitaji kompaila, programu ya kugeuza msimbo uwe programu kamili, ya C, na ya Fortran pia. Ni gigabaiti kadhaa hizo, nikushushie?" Bei aliyotaja ilikuwa kama ada ya muhula. Mwingine pale pale akasema achana na yote, weka Anaconda, yaani Python iliyofungashwa na vifurushi vyake, kila kitu kimo ndani. Kimo, ndiyo, lakini ni mzigo wa mamia ya megabaiti, na diski yangu ilikuwa inalia.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: kwa nini NumPy iliingia na SciPy ikagoma? Kawaida pip haijengi kitu, inachukua faili lililokwisha kutengenezwa, lenye mwisho wa .whl. Isipolipata la mashine yako ndipo inachukua msimbo mbichi na kuanza kutafuta kompaila. Kwa hiyo tatizo si kukosa kompaila, tatizo ni faili kutopatikana. Nikaandika mstari huu, wa kuiuliza Python yangu ni ya biti ngapi:

python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"

Jibu: 32. Windows yangu ni ya biti 64, lakini nimewekewa Python ya biti 32! NumPy ya wakati huo ilikuwa bado na faili la biti 32 kwa Windows, SciPy walikwisha kuacha. Gigabaiti za kompaila zilikuwa za nini sasa?

Nikaing'oa, nikaweka 3.8.10 ya biti 64. Hiyo ndiyo 3.8 ya mwisho kutolewa na kisakinishi cha Windows, msihangaike kutafuta 3.8.15 wala 3.8.18.

Sasa bando. Shemeji yangu ana laptopu mpya yenye Python 3.12, na ofisini kwao intaneti ni ya bure. Nikampelekea flashi na kikaratasi chenye amri hii:

pip download scipy pandas matplotlib --platform win_amd64 --python-version 3.8 --only-binary=:all: -d E:\faili

Yaani laptopu yake inapakua mafaili ya kompyuta yangu, si yake. Vyote pamoja havikufika megabaiti 100. Nyumbani nikaandika pip install --no-index --find-links=E:\faili scipy pandas matplotlib, nikakaa mkao wa kushangilia.

Ikakataa. Inadai importlib-resources, kifurushi kingine kinachotegemewa na Matplotlib. Hapa pip ina ujanja wake wa ovyo: masharti ya aina ya "hiki kinahitajika kwa Python iliyo chini ya 3.10" huyapima kwa Python ya mashine inayopakua. Laptopu ya shemeji ni 3.12, kwa hiyo ikaruka importlib-resources, ikaruka na zipp inayotegemewa nayo. Ni vifaili vidogo mno. Nikavipakua kwa simu, nikavihamisha kwa waya. Safari hii hata sikushangilia, nikasubiri mpaka ilipoandika Successfully installed.

Usiku hatukuwa tumepima, ila curve_fit, kitendakazi cha SciPy cha kulinganisha mstari na vipimo, haijali mapengo. Niliipa mawimbi mawili, la mwezi lenye saa 12.42 na la jua lenye saa 12 kamili. Yakienda pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na mstari ukapita juu ya vidoti vya wanafunzi vizuri sana.

Nikamwonyesha mjomba, nahodha wa Sahare. Akautazama mchoro, akarudisha miwani mfukoni. "Kwa hiyo mashine imejua kuwa maji yanajaa." Nikamwambia inaweza pia kumtajia ya wiki ijayo. Akaniuliza Jumanne yatajaa saa ngapi, nikamtajia. Akasema niongeze robo saa.