Bunduki za Bei ya Koti

Mpwa wangu wa Texas, yule aliyewahi kuniuliza kama viboko wa Murchison hufugwa, safari hii amenitumia picha ya bunduki iliyolazwa juu ya meza ya jikoni. Ni Mosin-Nagant ya Kirusi, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Izhevsk mwaka 1938, na jirani yake anataka kumwuzia. "Mjomba," ameandika, "baba wa huyu jirani aliinunua kwa dola 80 miaka ya 1990, imejaa grisi, ikiwa bado kwenye kreti. Inawezekanaje kitu kilichotengenezwa hivi kiuzwe kwa bei ya viatu?"

Nilimjibu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo rahisi. Bunduki za aina hiyo zilitengenezwa zipatazo milioni 37, na Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, maghala ya Urusi na Ukraina yalikuwa bado yanazihifadhi kwa wingi, ingawa AK ilikuwa imezistaafisha zamani. Ghala linataka paa na mlinzi anataka mshahara, kwa hiyo anayekuja na dola chache na lori lake hupokewa kwa furaha. Mataifa mengine yalikwisha kupita njia hiyo katika miaka ya 1950, pale mfanyabiashara Samuel Cummings alipoyajaza maghala ya Alexandria, Virginia, kwa silaha zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Biashara ilikuwa wazi kiasi kwamba mwaka 1963 kijana mmoja aliagiza kwa posta, kutoka duka la Chicago, bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano pamoja na darubini yake kwa dola 19.95, na Novemba ya mwaka huo huo bunduki hiyo ikamwua Rais Kennedy. Sheria ya Marekani ya 1968 ikaifungia biashara hiyo posta na bandari. Katika miaka ya 1980 bandari ikafunguliwa tena kwa silaha za kale.

Hesabu ikaishia hapo, na nikaona kwamba sijamjibu. Alichokuwa akiuliza hasa, nadhani, ni kwa nini mkono wake haukutaka kuiachia ile bunduki. Jambo hilo nalijua, na nalijua kutoka kwenye godauni moja ya Industrial Area, Kampala.

Siku hizo, katikati ya miaka ya 1990, nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya ulinzi ambayo jina lake naliacha. Kila aliyefungua duka la redio Kampala alitaka askari mlangoni, na bosi wetu alikuwa amegundua kwamba mteja hulipa zaidi akiona bunduki kuliko akiona rungu. Kwa njia ambayo karani hakupaswa kuiuliza, ingawa karatasi zilikuwa na mihuri yake yote, akapata kreti za Mark 4. Hizi ni Lee-Enfield za Kiingereza, za risasi ya .303, ambazo polisi wetu walizibeba miaka na miaka. Bei aliyolipa kwa moja ilikuwa pungufu ya mshahara wangu wa mwezi, na mshahara wangu haukuwa wa kujivunia.

Aliyeitwa kuzikagua ni Mzee, fundi wa silaha aliyestaafu polisi, ambaye nimekwisha kumwandika hapa mara nyingi kiasi kwamba sina haja ya kumtambulisha upya. Alifika na koti lake la kaki, akaagiza mafuta ya taa, matambara na sufuria kubwa ya maji ya moto, kisha akaniambia nifungue kitabu nisiandike chochote mpaka aseme.

Tuliking'oa kifuniko cha kreti ya kwanza kwa nyundo. Zilitoka zimezungushiwa karatasi ya nta, na chini ya karatasi kulikuwa na grisi ya kahawia iliyoganda, ambayo Mzee aliikwangua kwa kijiti na kuifuta kwa mafuta ya taa bila haraka yoyote, kuanzia mdomo wa mtutu kuelekea kwenye kitako. Grisi ilipoondoka, harufu ya mafuta ya kitani yaliyokwisha kuingia ndani ya mbao ikajaa godauni. Kisha maandishi yakaanza kujitokeza kwenye chuma, na hapo ndipo nilipoanza kupotea. Ya kwanza ilikuwa na alama inayoitangaza kuwa mali ya serikali ya Marekani, ingawa ni bunduki ya Kiingereza, kwa kuwa kampuni ya Savage ilizitengeneza huko Massachusetts wakati wa vita na Marekani ikawakopesha Waingereza. Ya pili ilitoka Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Ya tatu ilitoka Fazakerley, Liverpool, na ubavuni mwake palichorwa alama ya kwamba katika miaka ya 1950 ilirudishwa kiwandani, ikafumuliwa yote na kuundwa upya. Kumbe mtu alikuwa ameilipia mara mbili kabla bosi wetu hajailipia nauli.

"Hizi ni koti la Owino," Mzee alisema. "Mwenyewe amelichoka. Koti lenyewe halijachoka." Ukiwa umewahi kununua, katika soko la mitumba la Owino, Kampala, koti la Kijerumani lenye bitana na mishono ambayo fundi wa leo angekutoza mbuzi mzima kuishona, utaelewa alichomaanisha.

Kisha akatoa mfukoni kitambaa, akakikunjua, na ndani mlikuwa na geji mbili za chuma, ndogo, zenye umbo la kitako cha risasi. Moja ilikuwa ya inchi 0.064 na nyingine ya inchi 0.074. Akatia ile ndogo katika chemba, akasukuma bolti, kile chuma chenye mpini kinachofunga chemba nyuma ya risasi, kwa kidole gumba na cha shahada tu, nayo ikafunga. Akaitoa, akatia ile kubwa, akasukuma tena vile vile kama mtu anayebembeleza mlango wa nyumba yenye mgonjwa, na bolti ikagoma kushuka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bolti ikikubali kufunga juu ya geji kubwa, alinieleza, maana yake risasi ina nafasi ya kurudi nyuma inapolipuka. Ganda la shaba litavutika, litapasuka, na moto utatafuta njia, na njia iliyo karibu ni jicho la aliyelenga. Dawa yake ipo, na ni ya busara sana: kichwa cha bolti ya Mark 4 hufunguka kwa skrubu, na vilitengenezwa vya namba tofauti, kuanzia 0 hadi 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Mzee alikuwa na vichache ndani ya mkebe wa tumbaku. Bunduki iliyoshindwa kwa namba 1 aliibadilishia ya 2, akajaribu tena, na ikiwa bado inafunga akaitia ya 3.

Nilikaa nikimtazama vidole. Tangu asubuhi nilikuwa nimezichukulia bunduki zile kuwa mizigo ya kuandikwa daftarini, na sasa nikaona kwamba aliyezibuni alikuwa amemfikiria fundi atakayekuja miaka mingi baadaye, mahali asipopajua, akiwa na mkebe wa tumbaku na geji mbili. Saa yangu ya mkononi ilikuwa mpya, na ilipoharibika fundi alinishauri niitupe.

Moja wapo nilichungulia mtutu wake kwenye mwanga wa mlango, nikaona mifereji miwili tu iliyozunguka ndani, ilhali zote za kabla yake zilikuwa na mitano. Nikasema hii ni ya bandia. Mzee alicheka mpaka akaweka geji chini. Wakati wa vita, alisema, viwanda viliambiwa vipunguze kazi, vikakata mifereji miwili badala ya mitano, na mpigaji shabaha hakuona tofauti. Siku tulipokwenda kuzijaribu, ile ya mifereji miwili ndiyo nilipewa. Risasi kumi huingia katika magazini yake kwa klipu mbili za tano tano, na ni lazima uzipange ili ukingo wa kitako cha kila moja ukae mbele ya ule wa iliyo chini, la sivyo zitashikana. Ilinipiga bega vizuri. Baadaye Mzee akamimina maji yanayochemka katika mtutu kwa faneli, kwa sababu fataki za risasi za zamani huacha chumvi, na chumvi hainyonywi na mafuta. Huyeyushwa na maji, halafu ndipo mafuta yanafuata. Wengi waliozinunua bunduki hizi kwa bei rahisi wamezipoteza kwa kutu kwa kutolijua hilo tu.

Nikaitaka. Sikuwa na haja nayo, sikuwa na kibali, sikuwa hata na mlango wenye kufuli ya maana, lakini niliitaka ile ya mifereji miwili jinsi ambavyo sijataka kitu kingine cha chuma maishani. Kwa mtu aliyekulia Moroto hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1979, askari wa Amin walipokimbia na kuiacha kambi, Wamatheniko, tawi moja la Wakaramoja, waliingia katika ghala la silaha na kujichukulia, na bunduki ambazo taifa zima lilikuwa limezilipia zikawa za bure kwa siku chache, kisha zikawa za ng'ombe kadhaa. Tofauti ya bei ikalipwa na mifugo, na watoto wa shule, na barabara za Karamoja kwa zaidi ya miaka 20. Desemba 2001 serikali ilipoanza kuziomba zirudi, ilikuwa ikitoa plau za maksai na mabati. Niliyajua mengi ya hayo nikiwa nimesimama pale godaunini, na bado mkono wangu ulikuwa juu ya mbao ile. Mzee aliniona. Hakusema kitu ila kwamba kaka yake mkubwa alikwenda Burma na kikosi cha 4 cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakatembea bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria, na siku ya kuachishwa jeshi aliirudisha bunduki yake dirishani kwa sahihi. "Aliyeibeba hakuuziwa," akasema, na akaendelea kufuta.

Bei ikaanza kuonyesha sura yake ya pili kwenye risasi. Za AK zilikuwa kila mahali, lakini za .303 zilikuwa za kutafutwa, na bosi alipojua hilo akawagawia walinzi mbili mbili, kwa kuandikisha. Shida nyingine ilikuwa zile tatu ambazo Mzee alizitenga ukutani. Bolti zake hazikuwa zake. Namba ya mpini haikufanana na namba ya ubavuni, na hata kwa kichwa cha namba 3 zilifunga juu ya geji kubwa bila kusita. Bosi alikuja kuziangalia, akazigeuza, akaona zinang'aa sawa na nyingine.

"Mzee," alisema, "hawa wa mchana hawapigi risasi. Zipe kazi ya kuonekana tu."

"Sawa, bosi. Zionekane."

Akavuta bolti ya kwanza, ya pili na ya tatu, akaziandikisha kwangu kwa namba, akazifungia katika kasha la chuma na kuniomba nitie sahihi chini ya sahihi yake. Bosi alitazama ukurasa ule kwa muda. Mwisho wa mwezi Mzee hakuitwa tena, na ufunguo wa kasha haukuonekana, na bunduki zote tatu zikaenda kazini hivyo hivyo.

Nilikutana na mmoja wa waliozibeba, mlinzi wa duka la vitambaa karibu na soko la Nakasero. Alikuwa ameikumbatia kifuani, kiganja cha kulia kimefunika palipopaswa kuwa na bolti, na kwa mtu asiyejua alitisha kweli kweli. Nilimsogelea, tukasalimiana, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anajua anachokibeba.

"Najua, afande. Mwizi ndiye hajui."

"Na siku akijua?"

Alifikiri kidogo, akahamisha kiganja, akakirudisha. "Hapo tutakimbia wote wawili," alisema. "Mimi nitatangulia, maana yangu wameshaipunguza uzito."